Stoo Yangu na Jitu la Vichwa Vitatu

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa. Vimetangazwa na mke wangu, wakati wa chai ya asubuhi, huku akinipakia siagi kwenye mkate. Anataka stoo.

Stoo! Ile si stoo, ni ofisi ya mwandishi. Ni kweli mna ndoo, feni mbovu, na lile sanduku la kuangulia vifaranga ambalo halijawahi kuangua kitu. Ni kweli pia kwamba mlango unagonga meza, kwa hiyo ninaingia kwa ubavu. Lakini wiki mbili zilizopita niliandika karatasi nikaibandika mlangoni: MWANDISHI WA HADITHI ZA KUTISHA YUKO KAZINI. Mtu akishabandika karatasi, mambo yamebadilika.

Anataka kumpa kaka yake. Shemeji alikuja kwetu kulala siku mbili, baada ya mwenye nyumba wake kuuza nyumba. Siku mbili hizo sasa zina miezi. Analala kwenye kochi la sebuleni, miguu imepita mwisho wa kochi, na kila nikipita gizani ananipiga teke usingizini kisha anaomba radhi usingizini. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Kazi haziishi kazini, anakuja nazo.

Nikamwambia mke wangu hadithi yangu iko karibu kukamilika, na ikisomwa watu watalala taa zikiwaka. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Hapigi kelele hata siku moja. Akanikumbusha kwa upole kwamba biashara ya mishumaa nayo ilikuwa karibu kukamilika, sungura walikuwa karibu kuzaana, na vifaranga walikuwa karibu kutoka. Kisha akatoa sharti. Jumapili baada ya chakula cha mchana, mama yake akiwepo, nisome hiyo hadithi. Nikimtisha mtu mmoja tu mwenye akili timamu, stoo ni yangu na hataitaja tena. Nisipomtisha mtu, Jumatatu kaka yake anahamia.

Mtu mmoja tu! Nilijikaza nisicheke. Jitu langu lina vichwa vitatu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepitia maktaba baada ya kazi. Mkutubi ni mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, anayeongea kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Kila Jumanne hukaa na watu wanaojaribu kuandika. Leo nilikuwa peke yangu. Nikamweleza jitu: kichwa cha kwanza kinanguruma, cha pili kinatema moto, cha tatu nacho kinanguruma. Nikanyamaza ili nimpe nafasi ya kuogopa. Akaniuliza linaishi wapi.

Nikasema gizani. Akauliza giza la wapi. Nikasema mama, giza ni giza.

Akavua miwani. Akaniambia (naandika hapa kwa faida ya vizazi vijavyo, ingawa sikubaliani naye) kwamba hadithi fupi ya kutisha haina nafasi ya kulaza jitu. Woga hutoka kwenye mahali. Chukua chumba ambacho msomaji anakijua, kila kitu kiwe pale kinapokaa siku zote, kisha sogeza kitu kimoja. Kidogo tu. Usiseme nani amekisogeza. Msomaji atajitisha mwenyewe. Halafu kuna sauti ya msimulizi. Hiyo iwe tulivu, kama vile hakuna lolote linalotokea. Akasema msimulizi anayepiga kelele anamwamrisha msomaji aogope, na hakuna anayependa kuamrishwa.

Nikaona nijaribu, nitapoteza nini. Mke wangu alipoingia kuoga, nikasogeza jokofu. Kidogo, upana wa kiganja. Nikakaa sebuleni na gazeti, nikisubiri ukelele.

Akatoka. Akaenda jikoni. Kimya. Kimya kirefu kweli. Moyo ukawa unanidunda kwa furaha. Kisha akaniita kwa sauti laini ambayo sijaisikia tangu tulipooana, akanishukuru. Kumbe tangu mwaka jana alikuwa akiniomba nilisogeze jokofu apate kufagia nyuma yake. Akanipa ufagio.

Nyuma ya jokofu kulikuwa na vijiko, soksi yangu ya kijivu, na kitu ambacho zamani kilikuwa kiazi. Kiazi kile kilinitisha. Kwa hiyo mtu pekee aliyetishwa na mbinu ya mkutubi ni mimi niliyeitumia. Hajui kitu yule mama.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimejaribu sauti. Nimejaribu kazini, maana nyumbani nimeshapewa ufagio.

Nafanya kazi katika duka la mapazia. Napima madirisha, nakata vitambaa, nafunga fimbo ukutani. Bosi ananiita Mita, kwa sababu ya utepe wa kupimia usiotoka shingoni mwangu. Asubuhi akaingia mama mmoja aliyehamia nyumba mpya. Alitaka mapazia mepesi, yale ya kupitisha upepo, ya dirisha moja la sebule. Alikuwa mchangamfu. Nikasema huyu anafaa.

Nikashusha sauti. Nikamwuliza, taratibu, dirisha lina upana gani. Akanitajia. Nikaandika. Nikamwuliza nje ya dirisha kuna nini. Akasema kuna uzio na kinjia kidogo. Nikamwuliza nani hupita hapo. Akasema hapiti mtu. Nikamwuliza kama ana hakika, kwa utulivu kabisa, kama vile namwuliza anapenda rangi gani. Akageuka akatazama mlango wa duka. Nikamwambia wateja wengi husema hivyo. Kisha nikaendelea kukunja kitambaa.

Sasa sikiliza maajabu. Yule mama akarudisha kile kitambaa chepesi. Akachukua kizito kuliko vyote dukani, chenye bitana, cha madirisha yote ya nyumba, pamoja na la bafuni, na lile dogo la juu ya mlango wa jikoni ambalo hata paka hapiti. Akataka yafungwe leo leo. Wakati wa kutoka akaniuliza kama naweza kumsindikiza hadi barabarani. Bosi akatoka ofisini kunipa mkono.

Nimefedheheka. Hakupiga kelele. Hakuzimia. Hakushika hata kifua. Kununua kitambaa si kuogopa, ni kununua kitambaa. Mbinu ya sauti nimeifuta.

Bosi anataka niwe naongea vile na wateja wote. Bosi ni mfanyabiashara, sanaa haijui.

Alhamisi, 6 Machi

Uchokozi. Nimeingia bafuni asubuhi, macho nusu, nikanyoosha mkono kuchukua kikombe cha mswaki. Ndani ya kikombe meno. Meno kamili, ya juu na ya chini, yamekaa ndani ya maji yananitazama. Roho ikaniruka. Nikatoka na sabuni usoni.

Nikamwendea shemeji. Nikamwambia, kama mtu mzima anavyomwambia mtu mzima mwenzake, kwamba nyumba hii sasa ni nyumba ya mwandishi wa hadithi za kutisha, na siwezi kujenga hali ya woga huku kila mahali kuna meno yake yananiharibia mazingira. Akasema ameelewa. Akayahamishia kwenye bakuli la sukari.

Naona mchezo wake. Anataka stoo, kwa hiyo ananivuruga akili. Tena anavuruga kwa wema, ambayo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Wakati wa chai akaniuliza kama kisa cha kazini kinaweza kunisaidia. Nikamruhusu, kwa dharau.

Akasimulia huku anakwangua kipande cha plasta kwa kisu kidogo, hata hakuinua macho. Kuna kijana alikwenda kwake na kipimo cha ufizi wa baba yake, kile kinachobonyezwa mdomoni kwa plasta ya chokaa. Kijana akasema mzee ni mgonjwa, hatoki nje, kwa hiyo amempima yeye mwenyewe nyumbani. Kipimo kilikuwa safi sana. Shemeji akatengeneza meno, kijana akaja kuyachukua, akashukuru. Wiki iliyofuata akaja mzee mmoja, anatembea vizuri tu, anataka kupimwa meno kwa mara ya kwanza. Shemeji akamfungua mdomo. Ni ufizi ule ule. Akamwuliza mbona meno yake tayari yameshachukuliwa na mwanawe. Mzee akasema anaishi peke yake, hajawahi kuwa na mtoto. Akafikiri kidogo. Akasema ila siku hizi akiamka, mdomo una ladha ya chokaa.

Hapo shemeji akapuliza vumbi la plasta, akaniomba sukari.

Nikamwuliza kisha ikawaje. Akasema ndiyo hivyo.

Nimemwambia ukweli, maana sipendi kumpaka mtu mafuta. Kisa ni dhaifu. Hamna jitu, hamna damu, hakufa mtu, na mwisho haupo. Akakubali kwamba yeye si mwandishi. Chai sikuimaliza, ilikuwa ya moto. Nimeenda kazini kwa njia ya kuzunguka, kwa ajili ya mazoezi. Na nimeweka komeo kwenye mlango wa nyuma, kwa sababu ya vumbi. Siku nzima nimekuwa nikipitisha ulimi kwenye meno yangu. Yapo yote.

Ijumaa, 7 Machi

Matatizo mawili, yote nimeyamaliza.

La kwanza ni urefu. Nilimpelekea mkutubi hadithi saa ya mapumziko. Akaipima mkononi kama mtu anayepima nyama, akasema hadithi fupi huwa fupi. Akashauri nipunguze. Basi nimepunguza bila huruma. Nimetoa nyumba. Nimetoa barabara, mvua, mlango wa bati unaogongagonga, na yule mama kizee anayesikia hatua darini. Jitu limebaki. Sasa hadithi ina kurasa chache na zote ni jitu. Inakwenda mbio kweli.

La pili ni jua. Jitu langu linaishi gizani, nami natakiwa kulisoma baada ya chakula cha mchana, sebuleni, jua limejaa hadi chini ya meza. Nilimwomba mke wangu tusogeze iwe usiku. Akasema mama yake hulala mapema na yeye mwenyewe ana madaftari ya kusahihisha. Wanadhani wamenibana. Wamesahau kazi yangu ni nini!

Dukani kuna oda ya mpiga picha. Mapazia meusi ya chumba chake cha picha, mazito kama blanketi la jeshi, hayapitishi hata uzi wa mwanga. Yalikuwa yamekunjwa tayari kuchukuliwa wiki ijayo. Nikaenda kwa Bosi kumwomba niende nayo nyumbani nikakague pindo. Alikuwa kwenye simu. Nikamweleza kwa ishara. Akatikisa kichwa. Kutikisa kichwa kuna maana nyingi, nikachagua moja.

Nimeyabeba begani hadi nyumbani. Watu wamenipisha njia wakanipa pole, wakidhani nimefiwa. Nimezipokea.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi. Mke wangu alikuwa jikoni, shemeji kazini. Nimefunga mapazia sebuleni, tabaka juu ya tabaka, nikaziba na nafasi ya chini ya mlango kwa kitambaa cha bitana. Mimi ni fundi, jamani. Saa nne asubuhi, jua kali nje, na ndani huoni mkono wako. Nikasimama katikati ya chumba nikaanza kusoma kwa ngurumo.

Sikuweza kusoma. Giza.

Nikatafuta swichi ya taa. Haikuwa ukutani. Nikatafuta ukuta. Nikapapasa nikakutana na kitambaa, nyuma ya kitambaa kitambaa. Chumba nilichokaa miaka yote hii kikawa hakina mlango. Nikasikia mtu anapumua. Nikabana pumzi, naye akabana. Kisha kitu chembamba, laini, kikanipita shingoni taratibu, kikavuta kidogo.

Nimepiga ukelele. Naukubali, ulikuwa ukelele mzuri, wenye nguvu.

Ulikuwa utepe wangu wa kupimia. Ulikuwa umenasa kwenye kiti.

Mke wangu akafungua mlango, kumbe nilikuwa nimeuegemea, nikaangukia jikoni. Pale pale, nikiwa sakafuni, akili ikafanya kazi. Nikamkumbusha sharti. Mtu mmoja atishwe. Mtu ametishwa, ni mimi, shahidi ni yeye. Akaendelea kukata vitunguu. Akaniuliza kama sharti halikutaja akili timamu. Nikasema lilitaja. Akasema basi.

Hakimu wa upendeleo. Lakini sijafa moyo. Kesho nitatumia tochi.

Jumapili, 9 Machi

Siku kuu. Naandika nimesimama, kwa sababu nitakazozieleza.

Mama mkwe alifika kabla ya chakula. Ni mkunga mstaafu. Amewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa huu na hakuna hata mmoja aliyemshtua. Hapo ndipo nilipogundua kosa ambalo mkutubi hakunionya. Jitu langu liko uchi! Nitasimamaje mbele ya mama mkwe wangu nimtajie jitu zima lisilo na nguo? Nikajifungia stoo wakati wengine wanakula, nikalivisha. Nimelivisha shati lenye kola tatu, suruali, na mkanda. Kisha nikakumbuka kwamba ukurasa wa kwanza linakula matumbo ya watu, na sisi ndio kwanza tunatoka mezani. Nikabadilisha. Sasa linawasumbua watu.

Nikafunga mapazia. Nikawakalisha: mke wangu, shemeji, mama mkwe kwenye kiti chenye mto. Giza likashika. Nikawasha tochi chini ya kidevu, kama inavyotakiwa, nikaanza kunguruma. Mama mkwe akasema maskini, mkwe wangu amekonda. Akamwuliza binti yake kama ninakula. Nikanguruma zaidi. Akasema na kifua hicho nikapimwe.

Ukurasa wa pili jitu likafungua midomo yake yote. Shemeji akainua mkono. Akataka kujua kama kila mdomo una meno thelathini na mawili, na kama yale ya kichwa cha katikati hayasuguani na ya jirani, kwa sababu taya zikikaribiana vile lazima kuwe na shida ya kuuma. Nikamwambia jitu halina shida ya kuuma. Akasema litakuja kuwa nayo. Wakati huo nikasikia mkoromo. Nikadhani ni mimi bado nanguruma. Alikuwa mama mkwe.

Ukurasa wa tatu ndipo mlango wa mbele ulipofunguliwa.

Hakugonga kwa nguvu. Aligonga mara moja, akasukuma, akainua pindo la pazia kwa kidole. Bosi. Amevaa nguo za Jumapili. Alisimama mlangoni, mwanga nyuma yake, uso hauonekani. Akashika kitambaa cheusi, akakipapasa kama anavyopapasa akitaka kujua ubora. Akakinusa. Kilikuwa na harufu ya vitunguu. Akatusalimia wote mmoja mmoja, mama mkwe kwa heshima. Kisha akasema mpiga picha amekuja leo badala ya wiki ijayo, yuko dukani anasubiri, tangu saa sita. Akaniambia kesho asubuhi nipitie ofisini kwake kabla ya kuvaa utepe. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. Akaongeza kwamba nikiingia nifunge mlango.

Akasaidiwa na shemeji kuyashusha mapazia. Wakayakunja vizuri, pembe kwa pembe. Akaaga, akaondoka.

Jua likarudi. Nikawatazama. Shemeji alikuwa ameshika kidevu. Mama mkwe alikuwa macho kabisa, ameushika mkono wa binti yake. Na mke wangu, mwalimu wa hesabu, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akibadilika rangi, alikuwa amebadilika rangi. Alinitazama muda mrefu. Akasema neno moja.

"Nimeogopa."

Nimeruka juu! Nimeshinda! Mtu mwenye akili timamu, Jumapili, baada ya chakula cha mchana! Nikawaeleza kwamba hii ni athari iliyochelewa, jitu kubwa huchukua muda kuingia mwilini. Mama mkwe akamwuliza binti yake kama ndivyo nilivyo siku zote. Mke wangu akainuka. Akasema sharti ni sharti, stoo ni yangu. Hakulalamika hata kidogo, akaenda kukaa chumbani peke yake. Waandishi wakubwa wote wana nguvu hiyo juu ya watu wao wa karibu.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisini kwa Bosi. Nilifunga mlango. Nilifungua tena kwa sababu nilikuwa nimeufungia mkono wa shati, nikaufunga upya.

Alisema mpiga picha ameyachukua mapazia baada ya kubembelezwa sana, ingawa kila anayepigwa picha atatamani mchuzi. Alisema jana usiku aliamua kunifukuza. Lakini asubuhi hii, kabla sijafika, alirudi yule mama wa Jumatano. Kaja na jirani zake, wote wanataka mapazia mazito ya nyumba nzima, na wanamtaka yule wa utepe, mwenye sauti ya taratibu. Bosi akanisogelea. Akaniomba kitu kimoja tu. Niwahudumie kama nilivyomhudumia mwenzao, neno kwa neno, na ya jana yataisha.

Nikatoka. Wamekaa kwenye benchi, mikoba mapajani, wananisubiri kwa macho makubwa. Nikawahurumia. Wamekuja kutoka mbali, halafu niwape ile mbinu dhaifu ambayo nimeshaifuta? Mtu ambaye jana tu amemwogopesha mwalimu wa hesabu? Hapana. Nikawapa kitu bora. Nikawapa jitu.

Nilinguruma vizuri. Kichwa cha pili nilikifanya kwa mikono. Nilipofika kwenye kola tatu, mmoja wao akaniuliza kama jitu likichungulia linatoa vichwa vyote kwenye dirisha moja au linatumia matatu. Mwenzake akasema labda vinapokezana. Basi wakaanza. Walicheka hadi mmoja akavua viatu. Yule mama wa Jumatano, ambaye alikuja na uso umemkauka, alikuwa anafuta machozi kwa sampuli ya kitambaa. Akasema tangu ahamie nyumba ile hajacheka hivyo, na kwamba anaona sasa ataweza hata kufungua madirisha. Hawakununua kitu. Yeye akauliza kama anaweza kurudisha yale ya bafuni.

Bosi aliniambia niende nyumbani nikapumzike mpaka nitakapoitwa. Nikamwuliza nitaitwa lini. Akasema nitaitwa. Nimemwachia namba yangu ya simu, ingawa anayo. Utepe amebaki nao.

Mke wangu nimemwambia ni likizo ya uandishi.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nzima nimekaa stooni, yaani ofisini. Amani tupu. Hakuna wa kuniondoa humu tena.

Saa kumi jioni mke wangu akaja. Hakuufunga mlango, akauacha wazi kidogo. Akakaa kwenye ukingo wa meza, mikono mapajani. Akaongea kwa sauti ile anayotumia kuwasomea wanafunzi ratiba ya mitihani. Akasema amezungumza na Bosi kwa simu. Akasema hanilaumu. Akasema kwa kuwa sasa nitakuwa nyumbani mchana kutwa, si vizuri nikae peke yangu, kwa hiyo mama yake amekubali kuja kukaa nami. Ameshakuja. Ameleta begi, lile kubwa. Mgongo wa mama hauwezi kochi, na kochi lenyewe lina kaka yake. Kwa hiyo mama atalala chumbani kwetu pamoja na yeye, binti yake.

Kisha akasema, taratibu sana, kwamba mimi nina chumba changu.

Nikacheka kidogo. Hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka. Kulikuwa na godoro, limeegemezwa ukutani nyuma ya feni. Jipya, bado lina nailoni. Nilikuwa nimekaa humu tangu asubuhi na sikuliona likiingia.

Nikamwuliza mama atakaa mpaka lini. Mke wangu akanigusa bega, akainuka, akaenda. Mlango akauacha vile vile. Kutoka chumbani nikasikia kabati langu linafunguliwa, na vibanio vya nguo zangu vikisogezwa upande, kimoja kimoja, bila haraka.

Mwili umenisisimka hadi utosini. Jasho jembamba. Kalamu imenidondoka mara mbili nikiandika haya.

Hata hivyo, lazima niwe mkweli kama mwandishi. Nimekifikiria kisa chake tangu alipotoka, na nasikitika kusema mke wangu hana kipaji. Hamna jitu. Hamna damu, hamna ngurumo hata moja, na mwisho hakuutaja kabisa. Ni chumba tu, na mtu anaongea.

Nitamfundisha. Muda ninao.